Koti la Buluu

Nyuma ya mlango wa ofisi ya Bi Shamsa, mtafutia watu kazi, lilitundikwa koti la buluu. Aliyekwenda kwenye usaili bila vazi la maana aliazimwa hilo. Siku ile waliazimwa wawili, Tausi na Mwajabu, wakapokezana kwenye geti la hoteli.

Jioni meneja wa hoteli akapiga simu. "Tumempenda yule wa koti la buluu. Ana kicheko cha kumtoa nyoka pangoni! Aanze kesho mapokezi."

Bi Shamsa hakuuliza jina. Aliona haya mteja ajue kwamba wote wawili walivaa koti lilelile la kuazima. Wala yeye hakuwahi kumwona hata mmoja wao akicheka. Mwenye shida hacheki ofisini. Akampigia Mwajabu, hakupatikana. Akampigia Tausi, akapokea. Kazi ikawa ya Tausi.

Asubuhi Mwajabu akaja na koti, limefuliwa na kunyooshwa kwa pasi.

"Shikamoo, mama. Simu yangu iliisha chaji. Wamesemaje?"

"Marahaba, mwanangu. Wamemchukua mwenzio. Riziki yako bado."

Mwajabu aliinamisha uso. Kisha, asije akaonewa huruma, akacheka. Fundi aliyekuwa akipaka rangi dirisha kwa nje aligeuka, akajikuta naye anatabasamu.

"Haya, mama. Na alivae mwingine."

Alilitundika koti mwenyewe, akatoka. Bi Shamsa aliinuka kumwita, kisha akaketi tena. Mlango ulipojifunga, upepo wake ulilitikisa koti mabegani, kama kwamba aliyemo ndani bado anacheka.