Miiba Iliyoota Tena

Wanyama walipochoka kuuana, vita vikaisha. Nungunungu, aliyekuwa mpiganaji, akaenda kambini kusalimisha miiba yake yote. Akapewa jembe na cheti, akaambiwa, "Rudi kwenu, sasa wewe ni raia."

Jirani yake huko kwao alikuwa Kanga, ambaye mwanawe Madoa aliuawa kwa miiba hiyohiyo. Kanga hakumsalimu. Kila asubuhi alisimama mpakani akimkagua mgongo.

Mvua zilipoanza, miiba nayo ikaanza kuota. Nungunungu akarudi kambini, akakuta imefungwa na wagawa vyeti wamekwenda zao. Basi akaenda kujilaza mlangoni kwa Kanga.

"Mama Madoa, imeota tena. Mgongoni sifiki. Ning'olee wewe."

"Umekosa mwingine?"

"Mwingine ataniachia miwili mitatu."

Kanga akamtazama sana, kisha akaanza kuing'oa kwa mdomo, mmoja mmoja, bila huruma na bila haraka. Jua lilipofika utosini, akaketi akihema.

"Bado mingi?" Nungunungu akauliza.

"Mingi. Nimechoka. Kesho uje mapema, na hilo jembe ulilopewa uje nalo. Aliyekuwa akinilimia ni Madoa."