Mzambarau wa Chemchemi

"Mti gani, mama?" askofu aliuliza tena, kipande cha mkate kikiwa bado mkononi mwake.

Sekesai alikuwa mbele ya foleni, kopo lenye mche mikononi. Kanisani kwao, Jumapili ya kupanda miti, hakuna anayeonja mkate wa Bwana kabla hajautaja mbele ya wote mti alioukata. Waliomtangulia walitaja kuni na mipini ya majembe, watu wakacheka, nao wakapewa.

"Mzambarau wa chemchemi," alisema. "Maji yalikauka kwa sababu yangu."

"Mama yangu!" bibi mmoja alimaka. "Na sisi tulizunguka mkoa mzima wa Masvingo kumtafuta mchawi!"

"Uliufanyia nini?" askofu aliuliza.

Sekesai alinyoosha kidole ukutani, kwenye tofali lenye alama ya dole gumba lake. Matofali yote ya kanisa aliyafyatua yeye, akayachoma kwa kuni za mti ule. Askofu huyuhuyu ndiye aliyeyabariki.

Sekesai alisubiri kufukuzwa.

Askofu akaurudisha mkate sahanini. Akavua viatu, akashuka madhabahuni, akaja kupanga foleni nyuma ya Sekesai.

"Ahsante, mama," alisema. "Miaka sita nasali humu silowi mvua, na sikuwahi kuuliza kuni zilitoka wapi."

"Sasa mkate atatugawia nani?" bibi alilalamika.

"Utasubiri, bibi. Kwanza tukaupande mche chemchemini."

Sekesai akalisogeza kopo upande. Askofu akalishika ukingo wa pili.