Profesa Machoni mwa Mke Wangu

Mtoto wetu Nuru yuko shule ya bweni, lakini tangu mke wangu Tumsifu aanze shahada ya uzamili ya uchoraji, nyumbani tuko watatu. Siku hizi mwanafunzi wa sanaa haendi darasani. Anapewa mwalimu wake peke yake, ambaye anaunganishwa kwa mitambo na macho ya mwanafunzi, anaona kila anachokiona mwanafunzi na kumsahihisha sikioni papo hapo.

Kwa hiyo kila asubuhi mimi, mtu mzima, nainama nachungulia mboni za mke wangu: "Shikamoo, Profesa Sekibaha." Nisipomwamkia, Tumsifu ananuna kwamba namtia aibu.

Nimevumilia mengi. Pazia alilotushonea mama limeng'olewa, eti linagombana na ukuta. Juzi nimekaa kula, njaa inaniuma, sahani ya kachumbari ikaondolewa mbele yangu.

"Samahani, Baba Nuru. Profesa anasema nyekundu imezidi mezani."

Kachumbari! Ndani ya nyumba yangu!

Jana Profesa akaenda kung'olewa jino, akazima mitambo mpaka jioni. Nilifurahi kama mtoto. Nikavaa lile shati la njano alilolipiga marufuku, nikavuta kiti, nikakaa mbele ya mke wangu.

"Haya, leo tuko wawili tu. Hebu nitazame."

Tumsifu akanitazama usoni, akahamia begani, akarudi usoni. Akapepesa macho. Akagusa sikio lake, akasubiri sauti ya Profesa.

"Baba Nuru," akasema kwa sauti ndogo, "nianzie wapi?"