Kona ya Tatu

Fundi Mashauri alishinda chini ya gari la mashindano, akibadilisha springi za nyuma kwa mara ya nne msimu ule. Mgongo ulimuuma.

"Punguza na upepo wa matairi, fundi," alisema Siwema, dereva wake. "Bado linagoma kukata kona ya tatu."

Mashauri akajikokota nje, akafuta mikono.

"Gari halina kosa, mwanangu. Wewe ndiye unayewahi kukanyaga breki, tangu kaka yako apinduke pale."

Siwema akavua helmeti yake. "Najua," akasema.

Akaiweka helmeti juu ya boneti, akaanza kutembea kuelekea kona ile, polepole, vumbi likimpanda hadi magotini. Mashauri alibaki na spana mkononi, asijue akaze au alegeze.