Sayari Iliyochelewa

"Nizime taa wageni wangu wale gizani? Kwa ajili ya nyota?" Bi Mwanakheri alifoka uani kwake.

Salha, jirani yake, aliinama juu ya paa na darubini yake. "Dada, saa moja tu! Kuna sayari hupita mbele ya nyota ile kila siku tisa, mwanga ukapungua. Mara mbili imechelewa. Ikichelewa na leo, basi ipo nyingine inayoivuta. Kazini wananicheka, eti saa yangu mbovu. Na kesho kutwa mvua zinaanza."

Bi Mwanakheri alishika kiuno. "Mume akichelewa mara tatu, mimi siulizi saa. Nauliza nani anamvuta!"

Wageni wakaangua kicheko. Taa ikazimwa.

Wakati wa kupita ukafika, mwanga haukupungua. Dakika tano. Sita. Dakika ya saba, mstari wa mwanga kwenye kompyuta ya Salha ukaanza kushuka.

"Imekuja?"

"Imekuja, dada. Imechelewa."

"Na huyo mwenzake?"

"Haonekani."

"Iache mashine iandike. Shuka uje ule, utupe habari zake."

Gizani, watu walisikika wakisogea mkekani kumpa nafasi.