Alama za Vikombe

Hamdu aliuvunja mlango wa mganga Bi Shinuna kwa teke, panga mkono mmoja, mkono wa pili ukimburuta mkewe Riziki kwa nywele. Akambwaga sakafuni, akampasulia gauni mgongoni. Duara nyeusi zikaonekana.

"Nani kamnyonya mke wangu hivi? Huyo mwanamume umemficha wapi?"

"Ni vikombe vya Kichina, baba. Vinavuta maumivu."

"Mwongo mkubwa wee!"

Kofi lake lilimtupa mganga juu ya meza, kando ya taa iliyokuwa ikiwaka. Bi Shinuna akatema damu. Akawasha pamba, akaizungusha ndani ya kikombe cha kioo, na Hamdu alipomrukia tena, akakibandika kwenye kifua chake kilichokuwa wazi.

Kikombe kiling'ata. Hamdu akapiga yowe, panga likamponyoka. Alikivuta kwa mikono miwili, kikagoma; nyama ikafura ndani ya kioo, nyekundu, kisha zambarau.

"Duara ni zangu," Bi Shinuna akasema, akijifuta mdomo. "Na zile alama nyingine, ndefu kama mkanda, ni za nani?"

Hamdu alikuwa bado anavutana na kikombe, wala hakumwona Riziki akiinuka, gauni likining'inia, akilipima panga uzito.