Siku ya Kumpima Kinyozi

Kinyozi alitapika tena, safari hii juu ya kiatu cha Mwalimu, na Kapteni akacheka mpaka boti ikayumba.

"Mwoneni mwanamume! Nchi kavu bado inaonekana na yeye ameshamaliza matumbo yote. Halafu eti huyu ndiye anamtaka dada yangu!"

Kinyozi alijifuta mdomo kwa kiganja. "Mimi sijakuomba kitu, Kapteni."

"Hujaomba kwa sababu unaogopa."

Kapteni hakuwahi kuongoza chombo chochote kikubwa kuliko hicho kiboti cha watu wanne. Alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, na hata huko kazi yake ilikuwa kukaa mlangoni asalimiwe. Aliyepima misumari, aliyebeba rangi, aliyenyamazisha wateja wakorofi, alikuwa dada yake. Jioni dada huyohuyo alimpikia na kumfulia, maana mkewe Kapteni aliondoka zamani na hakuna jirani aliyemlaumu. Debe tupu haliachi kuvuma, na kuishi na debe ni kazi.

Dada mtu alishavuka miaka thelathini na tano na alitamani nyumba yake mwenyewe. Mtaa mzima ulilijua hilo na kumhurumia. Lakini akiolewa, nani atakaa dukani? Kwa hiyo kila aliyekuja kuposa alikutwa na kasoro. Wa kwanza mfupi. Wa pili anacheka mdomo wazi. Wa tatu alikuja kwa baiskeli, na Kapteni akamuuliza kama amemletea dada yake farasi wa chuma.

Sasa zamu ya Kinyozi. Mara mbili Kapteni alimwona dada yake akitoka kinyozini huku anatabasamu. Mwanamke aliyesuka nywele anatafuta nini kwa kinyozi wa wanaume? Alirudi nyumbani akafoka hadi vikombe vikatetemeka: "Hakuna mwanamume atakayemwoa dada yangu mbele ya macho yangu!" Dada akaendelea kuosha sufuria. Mama yao, aliyemwogopa mwanawe kuliko radi, akainamia mchele aliokuwa anachambua.

Wazo la bahari lilikuwa la Fundi, mtengeneza friji, rafiki wa Kapteni tangu utotoni na mteja wa kila wiki wa Kinyozi. "Usigombane naye," alisema. "Mpeleke mkavue. Akiumbuka huko, dada mwenyewe atamcheka." Wazo lilimpendeza Kapteni hadi kufikia jioni akawa anaamini ni lake.

Asubuhi Fundi hakutokea. Alituma ujumbe kwamba tumbo linamwendesha, akaeleza kwa kirefu mno, hata Kapteni akamjibu inatosha. Wakaondoka watatu: Kapteni, Kinyozi na Mwalimu, rafiki mwingine wa Kapteni. Simu ya Kapteni ilibaki kwa dada, kama siku zote, ili apokee maagizo ya wateja.

Na kweli Kinyozi aliumbuka. Aliitupa nanga penye miamba ikanasa, wakahangaika nayo asubuhi yote. Ilipochomoka, aliusokota mshipi wake na mishipi ya wenzake, wakakaa kufumua mafundo kama bibi watatu na nyuzi zao. Kapteni alipata changu mmoja wa ukubwa wa kiganja, akamwinua juu kwa majivuno yasiyomstahili samaki wala mvuvi.

Jua liliposimama utosini, Kapteni alitaka kurudi. Hamu ya kusimulia ilikuwa inamwasha. Alivuta kamba ya mashine. Mashine ikakohoa, ikazima. Akavuta tena, akaitukana, akaivuta mpaka shati likamganda mgongoni.

"Nikusaidie?" Kinyozi aliuliza. Alikuwa ameketi karibu na dumu la mafuta, miguu ameikita sakafuni, uso umempauka.

"Wewe? Kaa hapohapo! Usisogee, usiguse kitu!"

Kinyozi akatii.

Mwalimu alikuwa bendera: kwa kawaida alifuata upepo wa Kapteni, akicheka vichekesho vyake kabla havijaisha. Siku hiyo alitoa rai yake mwenyewe. "Mashine imepata joto. Tuiache ipoe, tuendelee kuvua."

Wakaiacha ipoe. Kapteni akatumia muda huo kueleza jinsi atakavyoisimulia siku hiyo: kwanza kiatu, kisha nanga, kisha mafundo. Aliigiza sauti ya Kinyozi akitapika. Aliigiza na uso wa dada yake atakaposikia. Kila baada ya muda alivuta kamba, na kila mara mashine ilikohoa na kuzima, na kila mara alimtazama Kinyozi kana kwamba mkosi wote umetoka kwake. Kinyozi alivumilia matusi hayo bila kununa, na hilo lilimuudhi Kapteni zaidi.

Jua lilikuwa limeshaanza kushuka simu ya Kinyozi ilipotetema ndani ya mfuko wake wa plastiki. Aliisoma, akaisoma tena. Damu ikamrudia usoni. Mwalimu naye, bila kuambiwa na mtu, akaanza kukunja mshipi wake.

Kinyozi akasimama wima katikati ya mawimbi, bila hata kushika ukingo. Akaondoa kisigino chake juu ya mpira unaopeleka mafuta kwenye mashine. Akavuta kamba mara moja, na mashine ikanguruma.

Kapteni alimkodolea macho. "Kumbe unajua mashine?"

"Kidogo."

"Nani amekuandikia?"

"Fundi," alisema Kinyozi, akiigeuza boti kuelekea nchi kavu. "Anasema tumbo limetulia, mama yako analia kwa furaha, na kuanzia leo umwite shemeji."